Taa za Jumanne: Maisha ya Bi Evanthia Zarkada wa Yadi ya Magari ya Sofades, 1944–2025

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na wifi yake, Polyxeni, katika maziko, Sofades, Jumanne tarehe 4 Februari 2025

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja leo kwa magari mliyoyanunua kwake, poleni na ukungu wa njiani na asanteni kwa kufika. Tunayemsindikiza ni Evanthia, binti wa Athanasios na Zoi Bletsas wa kijiji cha Mataranga, mjane wa Thrasos Zarkadas, mama wa Stergios na Asimina. Alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1944. Mkunga alimshauri mama yake aifiche siku hiyo, aseme mtoto kazaliwa Jumatano, maana Jumanne kwetu ni siku ya mikosi, hakuna mwenye akili anayeanza jambo lake Jumanne. Zoi hakuwa mtu wa kudanganya. Alisema Jumanne, na sisi tunasema Jumanne.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya Mataranga na kumaliza darasa la sita Juni 1956. Mwalimu wake alimsifu sana kwa hesabu, lakini sekondari ilikuwa Karditsa, na baba yake alikuwa na tumbaku ya kuchuma na mikono michache ya kuichuma. Mwaka 1958 alipelekwa shule ya ushonaji, akahitimu mwaka 1960. Cheti chake cha ushonaji kilitundikwa katika ofisi ya yadi, juu kabisa, kuliko hata picha za magari. Mgeni akiuliza, marehemu alijibu kwamba hicho ndicho cheti pekee mle ndani ambacho mtu alikisomea.

Yadi ya Zarkadas ilianzishwa mwaka 1956 na baba mkwe wake, Mzee Lambros. Alianza na majembe ya kukokotwa na mikokoteni, na wakulima walipochoka kubembelezana na nyumbu, akaleta magari ya magurudumu matatu, kisha pikapu. Oktoba 1964, Athanasios wa Mataranga alikuja kununua gari la magurudumu matatu, na akaja na binti yake. Thrasos, mtoto wa Lambros, ndiye aliyeambiwa awaonyeshe linavyokwenda. Akaliwasha, likazima. Akaliwasha tena, likazima. Thrasos jasho likamtoka na baridi yote ile.

"Injini bado ya baridi," alijitetea.

"Injini ya baridi, au wewe ndiye umepigwa na baridi?" marehemu aliuliza kutoka nyuma alikokaa. "Achia klachi polepole, kaka. Hizo si zabibu za divai unazikanyaga."

"Kwani wewe umeendesha gari lini?"

"Sijaendesha hata siku moja. Lakini nakanyaga cherehani kila siku ya Mungu, na mguu ni mguu."

Mzee Lambros alicheka mpaka akashika ukuta. "Athanasi," alisema, "gari nimeshakuuzia. Huyu binti je, anarudi nalo au anabaki?"

"Kwanza gari liwake," Athanasios alijibu. "Mengine tutaongea."

Gari liliwaka. Walioana Jumapili tarehe 26 Septemba 1965, katika kanisa la Mataranga. Mungu aliwajalia Stergios mwaka 1967 na Asimina mwaka 1970. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya yadi, kwa hiyo kuingia nyumbani kulikuwa ni kupita katikati ya magari. Marehemu alijifunza kazi yote: kuagiza, kuuza, kupokea lawama. Kila aliyenunua gari alirudi na sinia la peremende na keki, kama desturi yetu ilivyo, na marehemu alikula kipande kimoja kwa kila gari. Alisema unene wake wote umetokana na biashara.

Mzee Lambros hakufungua yadi Jumanne. Angefungua kwa ajili ya nani? Hapa Sofades mtu hanunui gari Jumanne hata ukimpa bure. Alipaka kibao kwa rangi nyekundu, JUMANNE TUMEFUNGA, akakitundika getini, na siku hiyo alilala. Marehemu hakujua kulala mchana. Jumanne zake zilikaa bure mpaka Machi 1971.

Mwezi huo, kwa mara ya kwanza, mteja wa yadi alifia barabarani. Kyriakos Bantis, mkulima wa tumbaku, aligongwa na treni kwenye kivuko cha reli akiwa katika pikapu aliyoinunua kwetu. Mjane wake, Vaia, alimwekea palepale kikanisa cha bati juu ya mguu wa chuma, kama vile mnavyoviona njia nzima, ndani picha ya mtakatifu na taa ya mafuta. Kisha akapata kazi ya kiwandani Ujerumani. Siku ya kuondoka alipita yadi kuaga.

"Safari hainiumi," Vaia alisema. "Inayoniuma ni ile taa. Mama mkwe hatembei, na watoto naondoka nao. Nani atamwashia Kyriakos?"

"Mimi," marehemu alimjibu. "Jumanne hatuna kazi."

"Wewe si ndugu yetu, Evanthia."

"Gari alilitoa kwetu. Ufunguo nilimpa mimi, kwa mkono huu. Unataka undugu gani zaidi ya huo?"

Ndivyo ilivyoanza. Wiki ile alitembea kwa miguu hadi relini, na dumu la mafuta ya zeituni mkononi. Baadaye akafa mteja mwingine barabara ya Farsala, familia yake ikahamia Athene, na marehemu akaongeza njia. Mwaka 1972 aliamua kujifunza udereva, mwanamke wa kwanza hapa Sofades kufanya hivyo kwa pikapu. Mtahini aliyetoka Karditsa alimwangalia juu mpaka chini.

"Mama, leseni unaitakia nini?"

"Nina watu wa kuwatembelea."

"Wanakaa wapi?"

"Barabarani."

Alifaulu siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo, kila Jumanne kwa zaidi ya miaka hamsini, kiangazi cha kuunguza na baridi ya kugandisha matope, marehemu alitoka na dumu, tambi za taa, kitambaa na kiberiti. Alifuta kioo, alikata tambi, alimimina mafuta, na alimtaja mwenye taa kwa jina lake na gari lake. Hakuna aliyemlipa wala kumtuma. Aliyenunua gari kwa Zarkadas akafa nalo, aliwashiwa taa. Walionusurika wakaweka vikanisa vya shukrani nao aliwawashia, na hao aliwapigia honi akipita. Wenzetu wenye yadi Karditsa na Larissa walimcheka, wakasema mwanamke huyu anawatangazia watu kwamba magari yake yanaua. Marehemu aliwajibu kwamba magari yote yanaua, tofauti ni muuzaji kujua amemuua nani. Jamani, ni mfanyabiashara gani anayesema maneno kama hayo? Na watu walikuja kwake kwa sababu hiyohiyo.

Wateja nao hawakuacha utani. "Bi Evanthia," mmoja alimwambia akipokea ufunguo, "na mimi siku yangu utaniwekea mafuta ya zeituni au ya alizeti?"

"Wewe nitakuwekea dizeli, kwa mwendo wako huo. Punguza!"

Jumamosi tarehe 11 Februari 1989, Stergios, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alikuwa akileta pikapu mpya kutoka Larissa. Ukungu ulikuwa kama huu wa leo. Kwenye daraja la mfereji, tela la majani makavu lilikuwa limeharibika na kusimamishwa barabarani bila taa nyuma. Stergios aliliona alipolifikia. Tela lilikuwa la Zisis, jirani yetu wa shamba, naye wakati huo alikuwa amekwenda kutafuta fundi.

Tulimzika Stergios Jumatatu. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Asubuhi marehemu alivaa nyeusi zake, akachukua dumu, akatoka. Thrasos alimkuta uani anapandisha vitu kwenye gari. Kule darajani Thrasos alikuwa ameshaweka taa ndani ya kreti la machungwa, mpaka kikanisa kitakapokuwa tayari.

"Anza na mwanao, Evanthia," alimwomba.

"Mwanangu atasubiri," marehemu alisema. "Wenzake walitangulia."

Asimina alikuwa mlangoni, binti wa miaka kumi na minane. Aliyasikia maneno hayo, akageuka, akaingia ndani. Polyxeni, anayesoma hapa, alikaa kiti cha pembeni siku hiyo na kushika dumu. Walianza kwa Kyriakos relini, wakafuata mmoja baada ya mwingine, kila kioo kikafutwa na kila jina likatajwa, na kila taa marehemu aliiwasha kwa njiti moja. Polyxeni alimtazama tu, na hadi leo hajajua nguvu ile ilitoka wapi. Darajani ndipo mikono ilipogoma. Njiti zilivunjika moja baada ya nyingine. Taa ya Stergios siku ile iliwashwa na shangazi yake.

Thrasos alitaka kufunga yadi. Alisema hataki tena kuuza kitu ambacho kimemla mwanawe.

"Ukifunga, watu wataacha kununua magari?" marehemu alimuuliza. "Watanunua kwa mtu asiyejua hata majina yao. Fungua geti, Thrasos."

Siku ya arobaini, baada ya ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka Stergios kugawiwa, Zisis alionekana amesimama nje ya geti, kofia mkononi, tela lake nyuma ya trekta. Hakuthubutu kuingia. Marehemu alikwenda stoo, akarudi na nyundo, misumari na vibao viwili vyekundu vile vinavyong'aa taa zikivimulika.

"Ingia, Zisis, huko nje kuna upepo," alisema. "Geuza tela."

Alivigongelea mwenyewe, kimoja kushoto, kimoja kulia. Mwaka huo aligongelea matela ya bonde zima, yawe ya wateja wake au ya watu baki, na hakuruhusu mtu kumtajia bei. Mwanamume mzima, Zisis, alilia kama mtoto pale yadi. Sisi tuliokuwepo hatukumcheka.

Lakini marehemu alikuwa na jeraha lingine, nalo halikupona, na leo lisemwe. Asimina hakumwelewa. "Yadi hii imemla kaka yangu," alimwambia mama yake, "na ninyi mnaifungulia geti kila asubuhi. Halafu unamweka wa mwisho, nyuma ya watu baki!" Septemba 1989 alikwenda Thesaloniki, akasoma fizikia, akawa mwalimu. Alikuja kila Pasaka na kila Krismasi, binti mwenye adabu na zawadi mkononi, lakini getini pa yadi hakupita tena. Alizunguka kwa jirani, akapenya kwenye miti ya matunda, akaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Marehemu alimwekea kitambaa cha kufutia viatu mlango huo.

Thrasos alifariki tarehe 19 Novemba 2008. Mgogoro wa uchumi ulipokuja, watu waliacha kununua hata tairi. Mwaka 2011 kiwanda cha magari tuliyouza kilituma watu kung'oa bango lake, kwa kuwa hatukuwajengea ukumbi wa vioo walioutaka. Marehemu aliwapa kahawa na ngazi. Walipoondoka alipanda mwenyewe kufagia viota vya shomoro vilivyokuwa nyuma ya bango, kisha akaanza kuuza magari yaliyotumika. "Jina lao wamelichukua," alisema. "Letu limebaki." Asimina alimpigia simu kumsihi auze eneo lote, aende kuishi naye.

"Nikiuza yadi, nauza na taa?" marehemu alimuuliza.

Asimina aliaga, akakata simu. Baada ya hapo marehemu hakuligusa tena suala hilo, si kwa simu wala kwa macho. Ila kwa Polyxeni aliligusa kila Jumanne njiani: "Wifi, tukiondoka mimi na wewe, hawa watakaa gizani?" Hakuwa na ombi lingine duniani.

Septemba 2023 mto ulikuja juu. Maji yaliingia yadi, yakafika kwenye madirisha, yakachukua cheti cha ushonaji na kibao cha Mzee Lambros. Marehemu, na miaka yake sabini na tisa, alikuwa amesimama juu ya meza ya ofisi. Aliyemfuata ni Zisis, kwa trekta na tela lilelile.

"Panda, Bi Evanthia, upesi!"

"Kwanza dumu."

"Dumu gani tena, mama? Tunazama!"

"La mafuta. Liko nyuma yako. Acha kupiga kelele, lichukue."

Lilichukuliwa. Marehemu aliugua mapafu kwa unyevu ule, akalazwa, kisha akatunzwa nyumbani kwa Polyxeni. Asimina alikuja kutoka Thesaloniki, na kwa kuwa miti ya jirani ilikuwa imelala majini, aliingia kwa kupitia getini. Miaka thelathini na minne. Alisimama katikati ya magari yaliyojaa matope, na hapo akamkuta mfanyabiashara wa mbali aliyekuwa akizunguka mabonde akinunua magari ya mafuriko. Aliyataka yote. Atayaosha, atayakausha, atayauza kwenye mji ambao haukuona maji. Asimina angempa funguo siku hiyo, angeondokana na yadi milele. Alikwenda kwanza kwa mama yake kitandani.

"Mama, nifanye nini?"

"Mimi ni mgonjwa," marehemu alisema, akageukia ukuta. "Wewe ndiye uliye ndani ya geti."

Polyxeni aliongozana na Asimina kurudi yadi. Asimina alimsogelea yule mtu. "Nikuulize," alisema. "Gari hili likizima barabarani na mtu ndani, utajua jina lake?"

"Dada yangu, mimi nauza magari. Mimi si padri."

"Basi hapa umepotea njia. Ondoka."

Mtu yule alicheka, akafikiri anapandishiwa bei. Asimina aliokota nyundo kwenye matope, akavunja kioo cha mbele cha gari la kwanza, akaenda la pili, akaenda la tatu, mpaka yadi nzima ikabaki vyuma chakavu visivyoweza kuuzwa kwa mtu. Polyxeni alikimbia kumpelekea mgonjwa habari. Marehemu alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Mwambie asisahau lile la bluu kule nyuma," alisema.

Siku alizokaa, Asimina alifagia matope, akasaidia kusimamisha upya vikanisa vilivyoangushwa na maji, akarudi Thesaloniki kufundisha. Hakuahidi chochote. Marehemu naye hakumuuliza. Tangu Oktoba mwaka jana moyo wa marehemu ulichoka, miguu ikavimba, daktari akamkataza usukani. Jumanne hizo Polyxeni ndiye aliyeendesha, kwa namna ambayo marehemu alisema itaongeza kikanisa kingine njiani kabla ya mwaka kwisha. Tangu mwisho wa Januari hakuweza kuinuka. Asimina aliomba ruhusa shuleni, akaja kukaa naye.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, kitandani kwake. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa Asimina, na Polyxeni alikuwa miguuni.

"Jumanne lini?" aliuliza.

"Keshokutwa, Mama."

"Na nani..."

Hakumaliza. Alimtazama binti yake akisubiri. Macho ya marehemu yalibaki pale. Alikwenda bila kupata jibu.

Ameacha binti, Asimina. Mdogo wake, Neoklis Bletsas wa Mataranga, na familia yake. Wifi yake Polyxeni. Wapwa na mabinamu ambao wanajijua. Ameacha na ninyi nyote aliowapa ufunguo mkafika salama hadi leo.

Karatasi mliyonayo inaishia hapo. Yaliyobaki hayakuchapwa, kwa sababu yametokea asubuhi hii.

Mnajua baadhi ya ndugu walitaka tuzike kesho, Jumatano, kukwepa mkosi. Asimina alikataa katakata. Leo, jeneza limeshaingia kanisani, padri ameshavaa, binti wa marehemu hakuonekana. Mliguna, Polyxeni aliwasikia, na yeye aliguna zaidi yenu. Alipoingia mlimwona wenyewe, matope mpaka magotini, koti jeusi limelowa ukungu, na ananukia mafuta ya zeituni kama jiko la Pasaka.

"Ulikuwa wapi, mtoto?" Polyxeni alimnong'oneza.

"Kwa watu wa Mama."

"Wote?"

"Wote, Shangazi. Nimeanzia kwa Kyriakos relini. Amebaki Stergios tu." Akavuta pumzi. "Yeye atasubiri. Wenzake walitangulia."

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukitoka hapa kwenda makaburini, gari lenye jeneza litasimama kwenye daraja la mfereji. Msipige honi. Asimina anacho kiberiti, na mikono yake ikigoma, shangazi yake yupo. Na yule mzee aliyemuuliza pale mlangoni kama yadi inauzwa, jibu lake alipewa, lakini kwa kuwa masikio yake ni mazito linarudiwa hapa mbele ya wote: leo Jumanne tumefunga. Aje kesho, saa mbili, Asimina atafungua geti.

Udongo wa bonde letu umlalie mwepesi Evanthia, apumzike. Taa zake zinawaka.